Uliza Fundi: Chombo Kisicho na Baharia

Toleo lililopita niliandika mistari minne tu kuhusu nyambizi, nikapitisha na neno topido, kombora linaloogelea chini ya maji, kwamba "inavuta waya," nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zilizokuja zinazidi za jenereta na za pampu za maji zikijumlishwa, kwa hiyo safu yote ya leo ni ya topido, zile kubwa zinazofyatuliwa na nyambizi.

Mimi ni fundi wa injini za meli za mizigo, miaka 27 chini ya sitaha, wala sikuwahi kuvaa sare ya jeshi. Lakini meli yetu iliwahi kusubiri zamu ya kupita mfereji wa Kiel, Ujerumani, nikapata nafasi ya kwenda Laboe kuingia ndani ya U-995, nyambizi ya Vita Kuu ya Pili iliyowekwa ufukweni kama makumbusho. Mbele kabisa, ukishapenya vile vitundu vya duara vilivyonichubua magoti, unakuta milango minne ya mirija ya topido. Chumba hichohicho ndimo walimolala mabaharia, vitanda vimebanwa ukutani, na topido za akiba zikiwa sakafuni chini yao. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni.

*Shikamoo Fundi. Kwenye filamu naona topido inatoka kama risasi. Je, nyambizi ndiyo inayoirusha mpaka ifike kwenye meli? Na ndani mna nini zaidi ya baruti? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu)*

Marahaba, mwanangu. Risasi hupewa nguvu yake yote ndani ya mtutu, ikishatoka haina la kufanya. Topido ni kinyume chake. Nyambizi huisukuma kwa maji au hewa ya shinikizo ili itoke tu mrijani, na zipo zinazoogelea zenyewe kutoka bila hata kusukumwa. Baada ya hapo inajitegemea. Ni chombo kamili cha majini, mita sita au saba kwa urefu, tani moja na nusu na ushee, kisicho na baharia hata mmoja. Ukitaka kuzielewa sehemu zake, jiulize: baharia gani hayumo, na nini kimekaa badala yake?

Anza na mlinzi wa omo, yule wa kutazama mbele. Kwenye topido nafasi yake imeshikwa na masikio. Puani mna safu ya vipande vinavyogeuza sauti kuwa umeme na umeme kuwa sauti, kwa sababu mawimbi ya redio hayafiki mbali ndani ya maji ya chumvi, ila sauti huko hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde. Topido husikiliza kelele za meli, au hupiga mlio wake yenyewe na kungoja mwangwi. Nyuma ya masikio ipo kompyuta, huyo ndiye nahodha. Kisha kinafuata kichwa chenye vilipuzi, ambacho kwenye Mark 48 ya Marekani kina karibu kilo 295. Ona jinsi kilivyo sehemu ndogo tu ya mzigo wote. Kinachokula nafasi ni tangi la mafuta au betri katikati, halafu injini, shafti, mapezi na rafadha, yaani panga linalosukuma maji.

Zamani rafadha zilikuwa mbili kwenye mhimili mmoja, moja ikizunguka kulia na nyingine kushoto. Kwenye meli kubwa rafadha moja yatosha, kwani uzito wa meli hauyumbishwi na mzunguko wake. Chombo chembamba kama topido kikifungwa rafadha moja bila kingine cha kuipinga, kitabiringika chenyewe kama gogo. Nyingi za leo zimefichiwa panga ndani ya pipa fupi linalofyonza maji na kuyatema nyuma, na kelele zimepungua sana.

Anayenipendeza mimi kuliko wote ni mshika usukani. Mwingereza Robert Whitehead alionyesha topido yake ya kwanza mwaka 1866 huko Fiume, ambayo leo ni Rijeka ya Kroatia, akiendeleza wazo la Giovanni Luppis, ofisa wa jeshi la majini la Austria. Topido yake ilikwenda kwa hewa iliyoshindiliwa, lakini haikukaa kwenye kina kimoja. Akaiwekea kiwambo kinachobonyezwa na maji: ukienda chini shinikizo linapanda, kiwambo kinasukuma fimbo, pezi linainua pua. Rahisi, sivyo? Tatizo ni kwamba kiwambo hakijui kungoja. Topido ikifika kina sahihi pua bado inatazama juu, inapitiliza, inarudishwa chini, inapitiliza tena, inakwenda kama pomboo anayecheza. Dawa ikawa timazi, ileile ya mwashi: uzito unaoning'inia. Pua ikielekea juu timazi linabembea nyuma na kulegeza amri ya kiwambo kabla mambo hayajazidi. Vitu hivyo viwili vikiunganishwa, chombo kinatulia. Whitehead alikiita chumba kilichobeba vitu hivyo "siri," na majeshi ya majini yakalipa fedha nyingi kuinunua.

Upande wa kulia na kushoto ulibaki bila bwana hadi miaka ya 1890, Ludwig Obry alipoleta jairoskopu. Wewe umeshacheza pia. Pia ikizunguka kwa kasi inakataa kuanguka, hata ukiinamisha ubao chini yake. Weka pia hiyo ndani ya topido, na kila chombo kinapopinda, pia inabaki imeelekea kulekule, na tofauti hiyo ndiyo inayovuta usukani.

*Fundi, kwa nini zote ni milimita 533? Ni nani aliyechagua namba mbaya namna hiyo? (Fundi mchundo)*

Ni inchi 21, basi. Ukishachonga mirija ya nyambizi kwa kipimo fulani, kila topido mpya lazima iingie humohumo, na nchi nyingine zikafuata. Ndogo za milimita 324 ndizo huitwa nyepesi, hudondoshwa na helikopta au kufyatuliwa na meli za juu. Warusi walikuwa nazo pia za milimita 650.

*Bwana Fundi, umetudanganya. Nimevua miaka mingi. Mshipi wa mita mia tu ukiburutwa kwa kasi unakatika. Wewe wasema topido inavuta waya kilomita kwa kilomita? (Mvuvi mstaafu)*

Mzee wangu, hapo umenishika, na naomba radhi. Niliandika "inavuta waya," na neno hilo "inavuta" ndilo kosa langu. Haivuti. Mna kibonge cha waya wa kupokelea amri za nyambizi ndani ya topido, na kingine upande wa nyambizi. Topido ikienda mbele inaacha waya nyuma yake kama buibui anavyoacha uzi. Nyambizi nayo ikienda inaacha wake. Waya wenyewe umelala majini umetulia, hauburutwi na mtu, ndiyo maana unaweza kuwa mwembamba kama ule wa ndani ya redio. Siku hizi wengi wameacha shaba, wanatumia uzi wa kioo unaopitisha mwanga.

Hata hivyo shaka yako si ya bure. Tarehe 2 Mei 1982 nyambizi ya Uingereza HMS Conqueror ilikuwa imebeba topido mpya ya waya, Tigerfish, pamoja na Mark 8 iliyobuniwa miaka ya 1920, isiyo na waya wala masikio, inayokwenda mstari mnyoofu tu. Kapteni wake alichagua ile kuukuu kwa kuwa aliiamini. Alifyatua tatu, mbili zikaipiga manowari General Belgrano ya Argentina, na watu 323 wakafa. Wavuvi na manahodha wana mawazo yanayofanana kuhusu vifaa vipya.

*Nafundisha fizikia. Wanafunzi wangu wanabishana: topido hutoboa ubavu wa meli, au hulipuka chini yake? (Mwalimu)*

Zote mbili zimekuwapo, Mwalimu, lakini ya pili ndiyo mbaya zaidi. Ubavuni inatoboa tundu, na meli yenye vyumba vilivyogawanywa vizuri inaweza kujikokota hadi bandarini. Chini ya mkuku, ule uti wa mgongo wa meli, ni hadithi nyingine. Mlipuko unatengeneza povu moja kubwa la gesi linaloinua katikati ya meli huku omo na tezi, yaani mbele na nyuma, zikibaki zinaning'inia. Povu likishatanuka kupita kiasi linasinyaa, na sasa katikati inakosa cha kuegemea, inalegea chini. Pinda juu, pinda chini: wape wanafunzi kipande cha waya waufanyie hivyo kwa vidole, watajua bila ubao. Juu ya hayo maji yanayojaza nafasi ya povu hupanda kama nguzo na kupiga tumbo la meli.

Manowari Cheonan ya Korea Kusini ilikatika vipande viwili namna hiyo tarehe 26 Machi 2010, wakafa mabaharia 46. Mei 15 chombo cha uvuvi kikavuta wavu na kuleta juu rafadha mbili, shafti na mota ya topido. Wachunguzi, wakiwamo wataalamu wa nchi kadhaa, walisema ni ya Korea Kaskazini, nayo Korea Kaskazini ikakana. Kilichonigusa kama fundi ni kwamba sehemu ya mbele ilikwisha yote kwa mlipuko wake yenyewe, lakini kipande cha nyuma, cha rafadha, kilibaki na umbo la kutambulika.

*Nina karakana ya pikipiki. Injini bila hewa inazimika. Hii ya majini inapumua nini? (Mwenye karakana)*

Inabeba pumzi yake. Za kwanza zilibeba chupa ya hewa, baadaye mafuta yakachomwa ndani ya hewa hiyo na maji yakanyunyizwa humo yawe mvuke. Nguvu ikaongezeka, ila gesi ya naitrojeni ilipanda juu na kuacha mstari mweupe wa mapovu, na baharia mwenye macho aliuona na kukata kona. Wajapani wakatumia oksijeni tupu, mstari ukafifia. Mark 48 inachoma mafuta yanayoitwa Otto, yenye oksijeni ndani yake yenyewe, kwa hiyo hayahitaji hewa kabisa. Mafundi wanaoyashughulikia wanayajua kwa maumivu ya kichwa wakivuta mvuke wake.

Wengine waliamua wabebe haidrojeni peroksaidi kali, dada yake mkubwa wa ile ya kuoshea vidonda. Hiyo siipendi, nasema wazi. Ikigusa shaba, au hata uchafu tu mahali pasipostahili, inavunjika papo hapo kuwa mvuke na oksijeni, na ndani ya chombo kilichofungwa haina pa kwenda. Juni 1955 topido ya aina hiyo ilipasuka ndani ya nyambizi ya Uingereza HMS Sidon bandarini Portland, wakafa 13, mmoja wao daktari aliyeteremka kuokoa wenzake. Uingereza ikaachana nayo. Tarehe 12 Agosti 2000 topido ya mazoezi ilivuja peroksaidi ndani ya nyambizi Kursk ya Urusi. Angalia: ya mazoezi, haina baruti. Dakika mbili na sekunde chache baadaye joto lililipua topido zenye baruti zilizokuwa karibu, na watu wote 118 wakafa.

Na betri? Za Wajerumani, kama zilizobebwa na ile nyambizi ya Laboe, zilikuwa za madini ya risasi na tindikali kama ya gari. Hazikuacha mapovu, ila zilikuwa kama mtoto mchanga: kila baada ya siku chache mabaharia walizivuta mrijani kuzipima na kuzichaji, na bila kupashwa joto hazikufika mbali. Siku hizi nchi nyingi hutumia betri za fedha na zinki, zenye nguvu na ghali.

*Nimesoma kwamba Marekani ilipigana karibu miaka miwili na topido mbovu. Kiwanda kinawezaje kutoa kitu kama hicho? (Mhandisi kijana)*

Mdogo wangu, swali lako nililingojea. Nilipokuwa injinia wa pili tuliletewa sanduku la nozeli mpya za kunyunyizia mafuta, kila moja na kadi yake ya "imepimwa." Tulipozifunga, nne ziling'ang'ania ndani ya saa sita. Kweli zilikuwa zimepimwa, lakini kwa mafuta mepesi ya karakana, hali sisi tunachoma mafuta mazito ya moto. Weka hilo akilini.

Topido hiyo ya Marekani, Mark 14, ilikuwa na kasoro tatu, na kila moja ilimficha mwenzake. Ya kwanza ni kina. Juni 1942, katika ghuba ya Frenchman huko Albany, Australia, Admirali Charles Lockwood alichoka na malalamiko ya manahodha wake, akatandaza wavu wa uvuvi majini na kuamuru topido ipigwe kuupita. Iliwekwa kina cha mita 3. Tundu kwenye wavu likaonekana karibu mita 7.6. Sababu? Majaribio ya kiwandani yalifanywa na vichwa vya mazoezi vyepesi kuliko vya vita. Tena kiwambo cha kina kilikaa mkiani, mahali ambapo maji yanayopita kasi yana shinikizo dogo, kwa hiyo chombo kikadhani kipo juu na kuzidi kushuka. Nozeli zangu zilezile.

Walipoirekebisha, ikajitokeza ya pili: kifyatuzi cha sumaku, kilichotakiwa kuhisi chuma cha meli na kulipua chini ya mkuku, kililipuka mapema au hakikulipuka kabisa. Wakakizima. Sasa zikabaki za kugonga ubavu, na hapo ndipo ya tatu, niliyoisoma mara tano.

Tarehe 24 Julai 1943 nyambizi Tinosa ilikutana na Tonan Maru namba 3 ya Japani, meli ya kuchakata nyangumi iliyogeuzwa tangi la mafuta. Kapteni Dan Daspit aliisimamisha, kisha akajiweka mahali ambapo kitabu kinasema, pembe mraba, akapiga moja baada ya nyingine huku akiandika. Alifyatua 15. Kumi na moja ziligonga zikanyamaza. Moja iliyosalia hakuifyatua, akaibeba kurudi nayo Pearl Harbor ili mtu aitazame.

Wakapiga topido kwenye majabali ya kisiwa cha Kahoolawe, Hawaii, mpaka moja ikagoma, wakaizamia na kuitoa. Baadaye wakafanya jaribio ambalo fundi yeyote angelipenda: walijaza vichwa zege badala ya baruti, wakaviinua kwa kreni kama mita 27, wakaviachia juu ya bamba la chuma. Vikidondoka wima, saba katika kumi fataki, kile kiwashio cha baruti, haikupigwa. Bamba likilazwa kimshazari, hitilafu zinapungua. Pini ya kupigia ilikuwa inateleza kukingama na mwendo wa topido. Ikigonga sawasawa, kishindo kinaikandamiza pini kwenye njia zake, inakwaruza, inapinda, inafika kwenye fataki imechoka. Kadiri kapteni alivyolenga vizuri, ndivyo topido ilivyozidi kugoma! Makapteni waliambiwa wapige kimshazari kwa muda, na karakana ya Pearl Harbor ikachonga pini nyepesi za aluminiamu.

Wajerumani nao wasicheke. Norwe mwaka 1940 topido zao zilipita chini ya meli za Waingereza bila kulipuka, na sehemu ya sababu haikujulikana mpaka Januari 1942, mabaharia wa nyambizi U-94 walipochunguza wenyewe. Nyambizi ikizama kwa muda mrefu, hewa ya shinikizo inayovuja kidogo kidogo huongeza shinikizo la ndani. Hewa hiyo ilipenya kwenye kifuniko kisichobana cha chumba cha kina cha topido, kiwambo kikapata kipimo cha uongo. Gasketi, mdogo wangu. Miaka miwili na zaidi ya vita, gasketi.

*Ni kweli topido inaweza kumrudia aliyeituma? (Msomaji wa kila toleo)*

Ni kweli. Usukani ukikwama upande mmoja, inazunguka. Nyambizi ya Marekani USS Tang ilifyatua topido yake ya 24, ya mwisho kabisa, tarehe 25 Oktoba 1944 katika mlango bahari wa Formosa, leo Taiwan. Ikapinda kushoto, ikaruka juu ya maji, ikarudi na kuipiga Tang karibu na tezi. Katika watu 87 walipona tisa tu, kapteni Richard O'Kane akiwa mmoja wao. Tezi na omo, marejeo ni ngamani, walisema wahenga, lakini sidhani walimaanisha hivi. Zile za Kijerumani za mwaka 1943 zilizofuata kelele za rafadha zilikuja na agizo lake: ukishafyatua, zama na unyamaze, isije ikakusikia wewe kwanza.

*Je, ikikosa inakwenda wapi? (Mama wa watoto watatu, mmoja ndiye aliyeuliza)*

Mwambie hivi. Ya vita ikiishiwa nguvu huzama. Ya mazoezi, yenye vyombo vya kurekodi mahali pa baruti, hufanywa nyepesi mwisho wa safari, hupanda na kuelea, rangi yake kali ikionekana kwa mbali. Mashua au helikopta huifuata na kuinasa. Kisha inapelekwa karakana ikaoshwe kwa maji baridi, chumvi yote itoke kwenye shafti na mapezi, inafunguliwa, inajazwa tena, na wiki kadhaa baadaye inarudi mrijani.